Uzito Ukigoma, Wanga Hauna Kesi ya Kujibu

Miongoni mwa watu wanaopunguza uzito kwa kukata wanga, yaani kwa kuacha au kupunguza sana ugali, wali, chapati, viazi, mihogo, sukari na kila chakula ambacho mwili hukisaga na kukigeuza kuwa glukosi, imejengeka imani moja ambayo ni nadra kuulizwa maswali. Kwa mujibu wa imani hiyo, uzito uliokuwa ukishuka vizuri ukisimama pale pale kwa wiki kadhaa, hali ambayo wahusika huiita kugoma kwa uzito, basi ni lazima kuna wanga uliopenya mahali bila kuonekana, ukaipandisha insulini, na insulini nayo ikaufunga mlango ambao mafuta ya mwilini yalikuwa yakitokea. Tiba hutolewa papo hapo: wanga upunguzwe zaidi, kutoka gramu 50 kwa siku hadi 20, na kutoka 20 hadi karibu sufuri; mafuta yaongezwe ili mwili uzidi kuyazoea; na mizani ikiendelea kukaidi, mhusika ale mayai na siagi peke yake kwa siku kadhaa, au afunge kula kabisa kwa saa 48 au 72. Hoja ya makala haya ni kwamba maelezo hayo yamemkamata asiyehusika, na kwamba tiba inayotokana nayo, hasa ile ya kuongeza mafuta, mara nyingi humnenepesha mkosaji halisi.

Mlo wenyewe haushitakiwi hapa. Una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani: mwaka 1863 William Banting, mwandaaji wa mazishi jijini London, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua baada ya daktari wake, William Harvey, kumkataza mkate, sukari, bia na viazi, na mwaka 1972 Robert Atkins, daktari wa moyo wa New York, akaufufua kwa kitabu kilichouzwa kwa mamilioni. Wanaoufuata leo Dar es Salaam, Nairobi au Muscat hupungua kweli, na wenye kisukari cha aina ya pili, yaani kile ambacho mwili una insulini lakini unaitikia kwa shida, mara nyingi huona sukari yao ikishuka ndani ya siku chache. Linalobishaniwa ni jambo moja tu: kwa nini kupungua huko hufika mahali kukasimama, na nini kifanyike kunaposimama.

Njia rahisi ya kuipima imani ya wanga uliojificha ni kuwatazama watu ambao hawakuuficha wala kuukimbia. Mwaka 2009 Frank Sacks na wenzake walichapisha jaribio la watu wazima 811 waliogawiwa milo minne yenye viwango tofauti vya mafuta, protini na wanga, ambapo wanga ulianzia asilimia 35 ya nishati ya siku na kufikia asilimia 65. Kama wanga ndio unaougomesha uzito, wale wa asilimia 65 walipaswa kugoma mapema na wale wa asilimia 35 waendelee kuteremka. Haikuwa hivyo. Makundi yote yalipoteza wastani wa kilo 6 hivi katika miezi sita ya kwanza, na yote yakaanza kurudisha uzito baada ya mwaka mmoja. Miaka sita kabla ya hapo Gary Foster na wenzake walikuwa wamewalinganisha watu 63, baadhi wakifuata mlo wa Atkins na wengine mlo wa kawaida wa mafuta kidogo. Kundi la Atkins lilitangulia waziwazi katika mwezi wa 3 na wa 6, lakini ilipofika mwezi wa 12 tofauti ilikuwa imefifia kiasi cha kutoweza kutenganishwa na bahati. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa kwa mwaka mzima: waliopunguza wanga walipoteza wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, na kiasi cha insulini ambacho kongosho la mtu lilimwaga baada ya kunywa glukosi hakikuweza kutabiri ni nani angenufaika na mlo upi. Jambo linalowafika waliokata wanga na wasioukata, tena kwa majira yanayokaribiana, haliwezi kusingiziwa wanga.

Chanzo cha fadhaa kiko katika wiki ya kwanza. Mwili huweka akiba ndogo ya wanga katika ini na misuli kwa umbo la glikojeni, ambayo kwa mtu mzima hufikia takriban gramu 500, na kila gramu ya glikojeni hushikana na gramu zipatazo tatu za maji. Wanga ukikatwa, akiba hiyo hutumika ndani ya siku chache na maji yake hutoka. Insulini inaposhuka, figo nazo huruhusu chumvi nyingi zaidi ipite kwenye mkojo, na chumvi haiondoki bila maji. Kilo mbili au tatu zinaweza kutoweka namna hiyo kabla mafuta ya mwilini hayajapungua hata kwa kilo moja, na mtu aliyezoeshwa kasi hiyo huiona nusu kilo kwa wiki, ambayo ni mwendo mzuri kabisa, kuwa dalili ya mambo kuharibika. Maji hayo hayo hurudi kwa sahani moja ya pilau ya harusini, kwa siku zinazotangulia hedhi, kwa mazoezi mapya yanayoacha misuli ikiuma, au kwa mboga iliyozidi chumvi, na yanaweza kuyaficha kwa wiki mbili au tatu mafuta ambayo bado yanapungua. Migomo mingi inayolalamikiwa ni ya aina hii na huisha yenyewe. Kisha tiba yoyote iliyokuwa ikitumiwa siku hiyo, iwe mayai matupu au siki ya tufaha, hupewa sifa isiyoistahili. Kwa hiyo uzito usihesabiwe kuwa umegoma kabla ya wiki nne kupita bila wastani wa mizani kushuka, na bila kiuno, kinachopimwa kwa tepu ya fundi cherehani usawa wa kitovu, kupungua.

Mgomo wa kweli, ule unaoupita mwezi, una maelezo yasiyohitaji kumtafuta mchawi. Mwili mdogo hutumia nishati kidogo kuliko mwili mkubwa, kwa kuwa una tishu chache za kulisha na hubeba mzigo mwepesi zaidi katika kila hatua. Kevin Hall, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na wenzake walikadiria kwamba kila kilo inayopotea hupunguza matumizi ya nishati kwa kilokalori kati ya 20 na 30 kwa siku, kilokalori kikiwa ndicho kipimo cha nishati ya chakula ambacho katika mazungumzo ya kawaida huitwa kalori tu. Lakini wakati huo huo hamu ya kula hupanda kwa takriban kilokalori 100 kwa siku kwa kila kilo hiyo hiyo. Kadirio hili la pili, lililotolewa mwaka 2016, lilipatikana kwa ujanja wa kupendeza: wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa ya kisukari inayoitoa glukosi kwenye mkojo walikuwa wakipoteza nishati bila wao kujua, na watafiti, kwa kufuatilia uzito wao, wakaweza kukokotoa jinsi walivyoanza kula zaidi bila kukusudia. Aliyepungua kilo 8, kwa hesabu hiyo, anaishi katika mwili unaotumia kilokalori zinazokaribia 200 pungufu kila siku na unaomsukuma ale kama 800 zaidi ya alivyokuwa akila kabla ya kuanza mlo. Leptini, homoni ambayo seli za mafuta huitoa ili kuuarifu ubongo ukubwa wa akiba, na ambayo iligunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, hushuka kadiri akiba inavyopungua, na ubongo hujibu kwa njaa. Katika mnyororo huu wote hakuna kiungo ambacho gramu chache za wanga wa nyanya zina kazi ndani yake.

Hesabu za Hall zinaonyesha pia jambo ambalo waumini wa wanga uliojificha hulipita kimya. Laiti mtu angeshikilia ulaji ule ule wa siku ya kwanza, uzito ungeendelea kushuka kwa muda mrefu sana: nusu ya mabadiliko yote ingepatikana katika mwaka wa kwanza, na asilimia 95 baada ya takriban miaka mitatu. Katika majaribio, kinyume chake, uzito kwa kawaida husimama kati ya mwezi wa 6 na wa 8. Pengo kati ya miaka mitatu na miezi sita ni kubwa mno kujazwa na umetaboli, neno linalotaja jumla ya kazi za kikemia ambazo kwazo mwili hujenga, huvunja na kuunguza. Linajazwa na chakula kilichoongezeka polepole, kijiko kwa kijiko, bila mlaji kuona kwamba amevunja sharti lolote.

Na kweli hakulivunja, kwa sababu sharti alilopewa lilihusu wanga tu. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au ya protini ina 4, hesabu iliyotokana na kazi ya Wilbur Atwater huko Connecticut mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo bado inatumika. Sufuria ya mchicha wa nazi inatosha kuwa ushahidi. Mpishi hukaangia kitunguu kwa mafuta yanayomiminwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa, bila kijiko, na mmimino mmoja wa mkono mwepesi hufikia vijiko vinne vya mezani, kila kijiko kikiwa na takriban kilokalori 120. Mchicha hutiwa, hunywea mpaka ukabaki sehemu ndogo ya ulivyokuwa, kisha hufuata tui zito. Kinachopakuliwa kinaonekana kuwa majani matupu, kina wanga mdogo sana, na kinapita katika kila orodha ya vyakula vilivyoruhusiwa. Lakini mafuta ya kukaangia peke yake yamebeba kilokalori 480, sawa na zile za gramu 370 hivi za wali uliopikwa kwa maji matupu, ambayo ni sahani iliyojaa, na tui halijahesabiwa. Kisamvu cha karanga hufuata kanuni hiyo hiyo, na korosho zinazouzwa kwenye vifuko kando ya barabara, zenye kilokalori zipatazo 550 kwa kila gramu 100, huipita, kwa kuwa korosho haziliwi mezani bali njiani, na kinacholiwa njiani hakikumbukwi jioni.

Wakati huo huo ushauri unaozunguka humtaka mtu aliyegomewa aondoe nyanya na kitunguu kwenye kachumbari. Gramu 100 za nyanya zina wanga wa gramu 4 hivi na kilokalori 18. Kilokalori 18 zinafukuzwa kwa bidii huku 480 zikiwa zimekwisha kuingia kupitia kikaango, na mizani isiposogea, mhusika huambiwa aongeze siagi.

Watetezi makini wa imani hii, nao wapo, hawaishii kwenye nyanya. Hoja yao yenye nguvu ni kwamba kalori za vyakula mbalimbali hazina athari sawa mwilini: insulini, ambayo kongosho huitoa kwa wingi baada ya mlo wa wanga, huzizuia seli za mafuta kuachia akiba yake, kwa hiyo anayeishusha insulini huunguza mafuta mengi zaidi hata kama nishati anayokula haikubadilika. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni fiziolojia sahihi. Gary Taubes aliieneza hoja nzima kwa kitabu chake cha mwaka 2007, na mwaka 2012 yeye na daktari Peter Attia wakaanzisha taasisi ya kuipima kisayansi. Taasisi hiyo ndiyo iliyofadhili utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Hall pamoja na wenzake, ambamo wanaume 17 walikaa katika vituo vya utafiti wakila tu walichopewa, wiki nne mlo wenye wanga mwingi na wiki nne nyingine mlo wenye wanga kidogo sana, nishati na protini zikiwa sawa. Insulini waliyoitoa ilishuka kwa takriban nusu, kama ilivyotabiriwa. Nishati iliyotumika, kwa vipimo vya chumba maalumu ambamo pumzi ya mtu hupimwa mchana na usiku, ilipanda kwa kilokalori 57 tu kwa siku, na mafuta ya mwilini hayakupungua kwa kasi kubwa zaidi ya awali. Mlango uliosemekana kuwa umefungwa na insulini ulifunguliwa wazi, na hakikutoka kitu cha kutajika.

Haki inadai utajwe pia ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 2018 Cara Ebbeling na David Ludwig walichapisha jaribio la watu 164 waliokwisha kupungua, wakaripoti kwamba waliolishwa wanga kidogo walitumia kilokalori zipatazo 209 zaidi kwa siku kuliko waliolishwa wanga mwingi. Hall aliupinga uchambuzi huo, na mabishano ya vipimo vyao ni ya kitaalamu mno kuingizwa hapa. Lakini hata takwimu hiyo ikipokewa kama ilivyo, bila kupunguzwa hata kilokalori moja, faida nzima ya kuishusha insulini haifikii vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Mtu anayeitumainia faida hiyo huku akimimina mafuta bila kijiko ameitumia yote kabla ya saa nne asubuhi.

Katika mkanganyiko huu vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo vimepewa mamlaka visiyoyastahili. Ketoni ni kemikali ambazo ini huzitengeneza kutokana na mafuta wanga unapokosekana, na hali ya damu kuwa nazo kwa wingi wa wastani, kwa kawaida kati ya milimoli 0.5 na 3 kwa lita, huitwa ketosisi. Kijiti kikibadilika rangi, kinathibitisha kwamba ini linavunja mafuta. Hakisemi mafuta hayo yametoka kiunoni au yametoka kwenye kikombe cha kahawa iliyotiwa siagi dakika arobaini zilizopita. Anayekunywa mafuta ya nazi ili kijiti kikoze rangi ananunua rangi, na kwa bei ya mafuta ya nazi ya leo ni rangi ya gharama.

Imani ya wanga uliojificha ina ndugu yake, ambayo hutumiwa pale ya kwanza inapochoka: kwamba mwili, ukinyimwa chakula, huzima umetaboli na kukataa katakata kupungua. Inashangaza jinsi wanaoitoa hoja hii wanavyoweza, katika pumzi hiyo hiyo, kuagiza mfungo wa saa 72 kama tiba yake. Kwamba mwili hubana matumizi ni kweli. Kwamba kubana huko husimamisha uzito kunakanushwa na jaribio maarufu kuliko yote ya njaa, lile la Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1944 na 1945, ambapo wanaume 36 waliojitolea walilishwa nusu ya mahitaji yao kwa wiki 24, tena kwa chakula kilichojaa viazi, mkate na makaroni. Matumizi yao ya nishati yaliporomoka, mioyo yao ikapiga polepole, wakahisi baridi wakati wote, na bado walipoteza takriban robo ya uzito wao. Miguu ya baadhi yao ilivimba kwa maji, na maji hayo yakaficha katika mizani sehemu ya nyama na mafuta waliyoyapoteza, jambo linalofaa kukumbukwa na kila anayeiamini mizani peke yake. Hata washiriki 14 wa mashindano ya televisheni ya Marekani ya kupunguza uzito, ambao Hall aliwapima tena miaka sita baada ya mashindano na kukuta miili yao ikitumia kilokalori zipatazo 500 pungufu kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu wa ukubwa wao, hawaitetei hoja ya mwili uliozimwa, kwa sababu waliofaulu zaidi kubaki wamepungua ndio ambao umetaboli wao ulikuwa umepungua zaidi.

Panabaki ushahidi ambao haupendezi kusemwa mbele ya mtu aliyejinyima kwa miezi. Mwaka 1992 Steven Lichtman na wenzake walichunguza watu 10 waliokuwa wakisisitiza kwamba wanakula chini ya kilokalori 1,200 kwa siku na hawapungui. Ulaji wao ulipimwa kwa njia isiyotegemea kumbukumbu, ikihusisha kunywa maji yaliyotengenezwa kwa atomi nzito za oksijeni na hidrojeni ambazo hufuatiliwa zinavyotoka mwilini, na ikabainika kwamba walitaja pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula na kuzidisha kwa asilimia 51 shughuli walizofanya. Umetaboli wao ulikuwa wa kawaida. Matokeo haya hutumiwa vibaya na wenye ulimi mkali, wanaoyageuza kuwa shitaka la uongo, ilhali watafiti wenyewe hawakuona hila. Kukadiria chakula kwa jicho ni kazi ngumu kwa kila mtu, na huwa ngumu maradufu katika nyumba ambayo mboga hutoka kwenye sufuria moja, anayepika si yule anayehesabu, na kukataa kuongezewa mchuzi ni utovu wa adabu. Kanuni ya wanga ilipendwa kwa sababu ilimwondolea mtu mzigo wa kupima. Ni kanuni nzuri kwa miezi ya mwanzo, maana anayeacha ugali, soda na maandazi hupoteza kalori nyingi bila kuzihesabu na njaa yake hutulia, lakini kalori hizo zikishaondoka haziwezi kuondolewa mara ya pili.

Kutokana na hayo, la kwanza kwa uzito uliogoma kweli ni kupima mafuta ya kupikia kwa kijiko kwa wiki mbili, pamoja na karanga, korosho, tui, siagi na maziwa ya chai, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Mara nyingi jibu hupatikana hapo. La pili ni kuihamisha nishati kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye protini, yaani samaki, kuku aliyeondolewa ngozi, mayai, dagaa wasiokaangwa, kwa kiasi cha gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa asiye na ugonjwa wa figo, kwa kuwa protini hushibisha, huhifadhi misuli, na robo hivi ya nishati yake hutumika katika kuisaga yenyewe. Mazoezi ya kunyanyua vitu vizito husaidia misuli isipungue pamoja na mafuta. Kutembea husaidia pia, ingawa kidogo kuliko inavyoaminiwa. Daktari aulizwe kuhusu tezi ya shingo na kuhusu dawa zinazoongeza uzito, zikiwemo steroidi, insulini na baadhi ya dawa za sonona.

La mwisho litawaudhi waumini kuliko yote: kurudisha wanga kidogo kunaweza kuwa tiba. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa bila mafuta zina kilokalori zipatazo 130, protini ya gramu 9 na nyuzinyuzi nyingi, na hushibisha kwa saa kadhaa. Orodha inayoyafukuza maharage, kunde na choroko mezani kwa sababu ya wanga wake, ikayaacha mafuta yamiminwe bila kipimo, imefuata herufi ya sharti na kusahau lengo lake. Pia ni orodha ya wenye nacho; parachichi, jibini na nyama kila siku si chakula cha mshahara wa kawaida, na mlo unaoshindwa kulipiwa mwezi wa saba huvunjika mwezi wa saba, hata ukiwa sahihi kiasi gani kitabuni.

Kuhusu mifungo ya siku mbili tatu inayoagizwa kuuvunja mgomo, upo upande ambao si wa malumbano. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge kinacholilazimisha kongosho kutoa insulini, akifunga au kukata wanga ghafla bila dozi kupunguzwa anaweza kushukiwa na sukari hadi akazimia. Anayetumia dawa za kundi la empaglifulozini na dapaglifulozini anaweza kupata sumu ya ketoni, ambamo damu hugeuka tindikali, huku kipimo cha sukari kikionyesha namba isiyotisha. Dawa za shinikizo la damu nazo huweza kuwa kali kupita kiasi chumvi na maji vinapotoka mwilini. Wanaoyatoa maagizo hayo kwa watu wasiowajua, bila kuuliza wanatumia dawa gani, wanacheza na maisha ya watu.

Kuna swali ambalo wauza tiba hawana faida ya kuliuliza, nalo ni kama mgomo huo unahitaji kuvunjwa. Katika mradi mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002 na kuwahusisha watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia ugonjwa, kundi lililobadilisha maisha, kwa mlo wa mafuta na kalori kidogo na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, lililenga kupoteza asilimia 7 tu ya uzito. Wastani wa walichopoteza ulikuwa kilo 5.6, kiasi ambacho mtu aliyekata wanga hukiita kugoma mapema. Kisukari kilipungua katika kundi hilo kwa asilimia 58 kikilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa, wakati waliopewa metifomini walipata nafuu ya asilimia 31. Waliobadilisha maisha walipofuatiliwa hadi mwaka wa kumi, sehemu kubwa ya uzito walioupoteza ilikuwa imerudi, na visa vipya vya kisukari kwa kipindi chote hicho vilikuwa bado pungufu kwa asilimia 34.